Aliyeitika Kichakani Bofu

Haya yalimpata wifi yangu Samiha mwaka wa 1961, nami nilikuwapo. Asubuhi ile niliacha nguo kwenye karai, nikambeba mtoto kwa leso, nikamsindikiza hadi kichaka cha Bofu, maana nyumbani hawakumruhusu kwenda peke yake.

Alikuwa akijifunza, kwa kujitolea, kuwatembeza wageni na kuwaeleza miti na ndege. Jumamosi angepewa kundi lake la kwanza. Mume wangu alikuwa amekwisha sema: dada yake akishindwa na hili, aolewe.

Mwalimu wake, Bwana Kioko, mtu wa bara, alisimama chini ya mti.

"Mgeni hakumbuki ulichomwambia. Hukumbuka alichosikia mwenyewe. Mwite ndege aje. Piga mbinja."

Samiha alinitazama. "Wifi, mwanamke kupiga mbinja porini?"

"Nyinyi watu wa pwani!" Kioko alicheka. "Hata ndege kurumbiza mnamwogopa? Au wageni utawapigia vigelegele?"

Maneno yale yalimchoma. Akakunja midomo, akapiga.

Kichaka kikajibu. Mbinja ile ile, ila safi zaidi.

"Rudia!" Kioko alifurahi.

Akarudia. Jibu lilitoka karibu zaidi. Chini, usawa wa magoti yetu. Ndege wote walikuwa wamenyamaza.

Kisha sauti ikaita: "Samiha." Taratibu, kama anavyomwita mamake. Mamake tulimwacha nyumbani.

"Usiitike," nilimnong'oneza.

Lakini binti aliyelelewa kwa adabu huitika kabla hajafikiri.

"Abee, mama."

Akashika koo. Midomo ilicheza. Hakuna kilichotoka.

"Samiha?" Kioko alimwita. Hakucheka tena. "Samiha!"

"Abee," ilijibu sauti ya Samiha.

Ilitoka kichakani.

Tulikimbia. Alisomewa kisomo, akapelekwa hospitali. Daktari hakuona kasoro yoyote kooni. Jumamosi wageni walirudishwa. Kioko alihamia Changamwe bila kuaga. Samiha hakutembeza wageni wala hakuolewa. Akitaka kitu hugonga meza.

Mwaka wa Uhuru nilipita pale kichakani mchana, nikitoka kuhani msiba. Nikamsikia Samiha. Alikuwa akieleza mti, maua yake hufunguka lini, nani hula matunda yake. Alieleza vizuri sana. Akanyamaza, kama anayesikiliza swali. Akalijibu. Akacheka.

Samiha nilikuwa nimemwacha jikoni akimenya muhogo.

Sikuita. Nilichungulia tu. Chini ya mti hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimelala, nusu duara, kama mahali palipokaliwa na watu wengi.

"Haya, wageni wangu," ilisema sauti ya wifi yangu. "Twendeni mbele."

Nyasi zikainuka, zote pamoja.

Kisha zile za upande wangu zikaanza kulala.