Tangi Lililogoma Kufungika

"Bhoke, gari la zege liko njiani."

Sauti ya Mkuu Athanas ilikwaruza kwenye kifaa kidogo sikioni mwake.

"Nimekupata, Mkuu. Nipe muda."

"Muda anao dereva wa zege, mama. Sisi hatuna."

Vidole vya Bhoke vikaendelea kukimbia juu ya kompyuta.

Hapo Kalangalala, mjini Geita, katika ofisi ya mabati ubavuni mwa hoteli iliyokuwa ikijengwa, kila mtu alimjua kama Mama Noela, mchora ramani. Hakuna aliyejua kwamba chini ya kitenge chake ililala bastola, Glock 19.

Wala kwamba alikuja kumtafuta mpelelezi mwenzake.

Theonest alijipenyeza kwenye genge la Kessler, mgeni aliyekuwa akivusha dhahabu ya Geita kimagendo. Akapotelea ndani ya uzio wa hoteli hii ya Kessler. Saa yake ya mkononi bado ilituma ishara hafifu kutoka chini ya ardhi, lakini chini ya ardhi palikuwa na tangi la maji tu. Tupu. Na Kessler ameamuru lijazwe zege leo, eti limepasuka.

Athanas na askari wake wakivamia bila kujua alipo, walinzi watammaliza. Wakisubiri, zege litammaliza.

Asubuhi Bhoke alishusha skana ya leza ya Leica tangini, akijifanya anapima. Sasa alikuwa na mamilioni ya nukta, kila moja mahali mwale ulipogusa ukuta. Revit, programu ya kuchorea majengo, ina kuta, milango na madirisha yaliyo tayari. Haina shimo lililochimbwa kwa sururu, lenye kuta zilizobenuka kama kiazi. Kwa hiyo akaandika programu yake mwenyewe: chukua nukta, ziunge ziwe pembetatu, pembetatu ziwe nyuso, nyuso zifunge umbo.

Akabonyeza.

Maandishi mekundu. Umbo halijafungika.

"Ee Mungu, siyo leo."

Akairuhusu programu iunge hata nukta zilizoachana kidogo. Akabonyeza tena.

Mekundu.

Mlango ukasukumwa. Masele, msimamizi, mchimbaji wa zamani mwenye mabega mapana kama karasha la kusagia mawe.

"Mwadila, mayu!" alisalimu Kisukuma. "Bado unacheza gemu?"

"Mwadila, Baba Mbuke. Tangi lako linanigomea. Halifungi."

Masele akacheka hadi mabati yakatetemeka. "Mwanamke na kompyuta! Tulia, zege likimwagwa litafunga lenyewe."

Akatoka.

Bhoke akabaki ameganda. Halifungi.

Akaacha kurekebisha. Akaiamuru programu ipake rangi kila ukingo uliokosa mwenzake wa kuungana naye. Kingo zote zikajikusanya mahali pamoja: pete ndogo chini ya ukuta wa kaskazini, upana wa ngumi. Mwale wa Leica uliingia pale na haukurudi.

Programu haikukosea. Ukuta ulikuwa na tundu.

Nani anatoboa tangi la maji chini kabisa?

Mchimbaji. Huku Geita mchimbaji hachimbi chumba chini ya ardhi bila kukiachia njia ya hewa. Masele alimchimbia Kessler ghala la siri nyuma ya ukuta huo, na mikono yake ikafuata mazoea ya mgodini.

"Mkuu, yuko nyuma ya ukuta wa kaskazini! Vamieni!"

"Una uhakika?"

"Vamieni!"

Bhoke akachomoka nje. Gari la zege lilikuwa linarudi nyuma kuelekea tangini, tumbo likizunguka. Masele aliinua mkono kumwashiria dereva amwage.

"Mkono chini, Baba Mbuke."

Masele akageuka. Akaiona Glock.

"Mama Noela?!"

Dereva alizima injini, akaruka, akatimua mbio. Mlinzi akainua bunduki. Bhoke alifyatua risasi moja, bunduki ikamtoka mlinzi mkononi. Land Cruiser mbili za Mkuu Athanas zikabomoa geti. Kessler aliwasha Hilux yake, lakini hakufika popote. Nyuma ya gari hilo, chini ya mifuko ya saruji, dhahabu ilikuwa imelala.

Bhoke akateleza ngazini hadi ndani ya tangi. Akaweka mdomo kwenye tundu.

"Theonest!"

Akagonga ukuta kwa kitako cha bastola.

"Theo, nijibu!"

Kikohozi. Kisha sauti kavu: "Umechelewa, dada."

Nyundo zikaubomoa ukuta. Theonest akatolewa, mweupe kwa vumbi, anapumua.

Masele, pingu mikononi, akatema mate. "Lile tundu. Nisingeliacha, msingempata."

"Usingeliacha, angekuwa maiti na wewe muuaji. Mikono yako ina utu kuliko wewe, Baba Mbuke."

Masele akainamisha kichwa, akaitazama mikono yake.

Bhoke alirudi ofisini, akatia kompyuta mkobani, akapita katikati ya vumbi na kelele, akasimamisha bodaboda. Hakugeuka nyuma.