Kikombe Kisichoitikiwa Amina

Kila jioni Mbeyu alipotoka shuleni alivua sare, akanawa mikono, kisha akaenda nyuma ya nyumba yao ya kupanga kule Bombolulu. Hapo, ndani ya debe kuukuu, palimea mchaichai. Alikata majani manne, akayafunga fundo, akayachemsha pamoja na tangawizi na iliki. Maji yalipobadilika rangi aliongeza maziwa. Hicho ndicho kilichokuwa kinywaji cha Hawe, nyanya yake, tangu daktari alipomkataza kahawa na majani ya chai kwa sababu ya moyo uliomwenda mbio.

Mama yake, Roseline, aliuza mboga sokoni Kongowea hadi magharibi. Kwa hiyo kikombe cha Hawe kilikuwa mikononi mwa Mbeyu.

"Mbeyu we," Hawe alilalamika, "hii ni chai au maji ya kumwogeshea mtoto mchanga?"

"Ni ya afya yako, Hawe. Kunywa."

"Tia majani chembe tu, mjukuu wangu. Mamako ana mengi ya kumshughulisha, hatajua. Chembe haiui mtu."

Mbeyu alimhurumia. Siku hiyo alitia chembe ya majani ya chai. Wiki ya pili, chembe ilikuwa kijiko kizima. Hawe alichangamka, akaanza tena kusimulia hadithi.

Lakini kabla ya kunywa, Hawe alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa. "Ee Bwana, kibariki kikombe hiki, kiwe uzima mwilini mwangu." Kisha alingoja mjukuu wake aitikie. Mbeyu alifungua kinywa, lakini ile "Amina" haikutoka. Akajifanya anakwenda kuosha sufuria.

Siku ya kliniki ilipofika walikwenda zahanati wote watatu. Daktari alimshika Hawe kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akarudia tena.

"Moyo unakwenda mbio kuliko mwezi uliopita. Nyanya, umekunywa kahawa au chai?"

"Mchaichai tu, mwanangu. Muulize mjukuu wangu, ndiye mpishi."

"Basi dawa hii imeshindwa. Itabidi niiongeze maradufu."

Chini ya leso aliyojitanda, vidole vya Hawe viliubana mkono wa Mbeyu. Daktari akachukua kalamu. Mbeyu aliitazama ikishuka kwenye karatasi.

"Daktari, usiandike!" alisema huku akilia. "Dawa haijashindwa. Mimi humtilia majani ya chai. Kijiko kizima, kila jioni."

Roseline alishika kichwa. "Mbeyu! Nami huko sokoni najisifu kwamba nina mtoto wa kuaminika!"

"Usimgombeze," Hawe alisema polepole. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimfundisha mtoto kuficha, kisha nikamwomba Mungu anibarikie nilichokificha."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Dawa hiyo ingezidi, moyo huu ungeweza kusimama. Asante, binti, kwa kusema mapema. Acheni majani ya chai kabisa, mrudi baada ya wiki mbili."

Jioni hiyo Mbeyu alichemsha mchaichai, akaongeza kijiti cha mdalasini ili kinywaji kipate rangi. Hawe alikuja jikoni mwenyewe, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Kichuje. Haya, lete kikombe cha pili. Mimina kutoka juu, toka hiki kwenda hiki. Juu zaidi! Marehemu babu yako akimimina chai hakuogopa kumwaga."

Mbeyu alimimina hadi povu jeupe likajaa. Hawe alionja, akaonja tena. "Si chai," alisema. "Lakini kinanyweka."

Baada ya wiki mbili daktari aliupima moyo, akaukuta umetulia. Dawa haikuongezwa hata tembe moja.

Jioni hiyo Hawe alimweka mjukuu wake kando yake. "Mbeyu, ukimpenda mtu, usimpe kila anachokililia. Tena ukikosea, sema kabla kosa halijazaa jingine. Mimi ni mtu mzima, na ukweli wako ndio ulioniponya."

Kisha akainamisha kichwa juu ya kikombe. "Ee Bwana, kibariki kikombe hiki."

"Amina," Mbeyu akaitikia, kwa sauti iliyosikika hadi uani.