Jina Lililotajwa Kwenye Kisiki

Duara la kwanza Wadad aliliona mlangoni: rangi nyekundu, mbichi bado, lile lile analolichora yeye kwenye misonobari ya kukatwa. Akajua ni watu wa kijiji tu. Huko kwao, milimani Lebanoni, msitu wake ulikuwa umewagawa majirani. Wako waliosema mwenye msitu asipopunguza miti, moto wa kiangazi utaula wote. Wengine walimwita Wadad mwanamke mchinja miti, tena mbele ya uso wake. Kinara wa hao alikuwa Shakib, kaka yake wa tumbo moja, aliyewahi kupanda jukwaani akaulilia msonobari. Kulia anajua, bwana yule.

Wadad akaufuta mlango. Kesho yake duara likawa kwenye kiti chake. Saa saba mchana, kijiji kizima kimejilaza, akasikia msumeno msituni, akakimbilia huko asikute mtu wala unga wa mbao. Siku ya tatu msumeno ulilia uani. Siku ya nne ulilia ndani ya ukuta, harufu ya utomvu ikajaa chumbani hadi kahawa ikamtapisha, akajishika shingo, akahisi unyevu, akakimbilia kioo, akaona duara jekundu limemzunguka shingo nzima, na alipolisugua kwa sabuni ikatoka ngozi, rangi ikabaki.

Akamwendea Shehe Nasib, anayesema na wasioonekana. Shehe akauliza kama amekata msonobari wa chemchemi. Ule haukatwi bila kuwaomba majini ruhusa, na mkataji hujitaja jina lake na la mama yake, ili wamjue wa kumdai.

"Sijaugusa, shehe. Wallahi sijaugusa."

Wakaenda kuutazama. Palikuwa na kisiki kilichofunikwa majani, tanuri la mkaa, na msumeno wenye jina la Shakib mpinini. Mlilia miti yule yule.

"Alipokata, amekutaja wewe," shehe akanong'ona. "Kesho saa saba watakukata. Dawa ni moja: aje mwenyewe, asimame hapa, ajitaje."

Walipomwendea, Shakib hakubisha. Alilia, akambusu dada yake kichwani, akasema shetani alimpitia, mkaa una soko. Wadad alitaka kumtemea mate, lakini alihitaji ulimi wake.

Saa saba ikawakuta kisikini, wote watatu. Upepo ulikatika, ndege wakanyamaza, msumeno ukaanza kulia mbali, ukasogea mti kwa mti, ukafika nyuma ya shingo ya Wadad ukatulia, na sauti isiyo ya mtu ikauliza kutoka chini ya mizizi ni nani aliyekata.

Wadad akamshika kaka yake mkono. "Sema, kaka. Jina lako tu."

Shakib akaitazama ile shingo nyekundu, akainamisha macho.

"Wadad," akasema, "binti Nazha."