Maji Yaliyoonekana Jumamosi Tu

Ndugu wasomaji, kisa hiki ni cha sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi, lakini msiseme hakiwahusu. Mkifika mwisho mtajiona humo.

Kila Jumamosi asubuhi Maman Antoinette alimshika mkono papa Nissim, wakatembea polepole hadi sinagogi dogo la Saint-Josse, mtaa wa Brussels. Kazi ya Antoinette ilikuwa kutunza wazee. Mama huyu ni wa Lubumbashi, na mzee, Myahudi, alizaliwa hukohuko, basi njia nzima walipiga soga kwa Kiswahili. Ndani ya jengo hilo mzee alifunga ndoa, na humo kila mwaka alimsomea marehemu mkewe sala ya wafu. Sala hiyo haisomwi bila wanaume kumi. Zamani watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Sasa kumi walipatikana kwa kubembelezana. Mzee alitaka jambo moja tu: aendelee kuisoma humo mpaka siku yake ifike.

Asubuhi moja ya mwaka 2009 tone la maji lilimdondokea begani.

"Papa, maji inaingia. Niite muntu atengeneze?"

"Leo ni sabato, maman. Kazi hapana. Hata kuongelea kazi hapana. Bon, tutaangalia dimanche."

Mnaona mtego? Jengo lilifunguliwa siku ya sabato tu, na siku hiyo kazi ni mwiko. Jumapili, kazi ikiruhusiwa, kila mtu alikuwa kwake akiamini mwenzake ameshampigia fundi. Hakuna aliyekuwa mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi.

Walisogeza viti, wakaweka ndoo. Antoinette alimpigia Lucien, mtoto pekee wa mzee, mfanyakazi wa ofisi huko Etterbeek. Lucien akajibu kwa Kifaransa kwamba kamati ipo. Kamati yenyewe ilikuwa baba yake na wazee wawili wasioweza kupanda ngazi.

Mwaka 2014 ikafika sabato ya kumsomea mke sala. Walikuja wanaume tisa. Antoinette alitoka nje na simu.

"Lucien, kuya mbio! Inabakia mumoja tu. Papa anaangalia mulango."

"Maman Antoinette, mvua inanyesha. Watapata mtu."

Hawakupata. Papa Nissim alikunja shali yake ya sala bila haraka.

"Turudi nyumba," alisema.

Hakulia wala hakulaumu. Antoinette angeona nafuu kama mzee angegomba. Majira ya baridi yaliyofuata dari lilianguka, manispaa ikafunga mlango kwa mnyororo. Mzee alipoambiwa, aliendelea kunywa supu.

"Ni vile," alisema. Antoinette naye alifuta meza, akashangaa kwamba hasikii chochote moyoni, kama mguu uliokufa ganzi.

Jengo liliuzwa, likageuzwa fleti. Mzee alifariki kabla wapangaji hawajaingia.

Mwaka ulipotimia, Lucien alimwomba Antoinette amsindikize hadi pale. Alitaka kumsomea baba yake sala, walau akiwa barabarani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mlangoni palikuwa na vitufe vya kengele, na juu, kwenye ukingo wa paa, kipande kimoja kipya cha mfereji wa maji. Maji yalishuka vizuri hadi chini.

"Kilichohitajika ni hicho tu?" aliuliza Lucien.

"Ni ile tu, mutoto yangu."

Lucien alifungua kitabu cha sala, akatazama kulia na kushoto. Mwanamume alikuwa yeye peke yake. Akakifunga.

FUNZO

Sinagogi hili halikubomolewa na adui. Liliuawa na watu wema waliosema "kesho" na "wengine wapo". Nasi Wakongo wa Brussels tuna kumbi zetu za sala, kule Evere na kwingineko. Mkiona tone, msitawanyike kabla hamjakubaliana ni nani atamwita fundi na siku gani. Na wewe kijana ambaye imani yako imepoa, baba yako akikuhitaji ukae naye saa moja, nenda. Huenda wewe ndiye wa kumi.