Niliwalisha Senene Wanaume Wawili

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sina mume wala mtoto. Mimi ni fundi cherehani hapa Omurushaka, wilayani Karagwe. Wasichana huniletea vitambaa vyao na kunicheka kwamba nimekuwa mkali kama mama mkwe. Ni kweli, nimekuwa mkali. Lakini mkali huyu mnayemwona aliwahi kutetemeka jioni nzima kama mwizi aliyezingirwa, na leo nataka kuwasimulia kwa nini...

Miaka minne iliyopita nilikuwa na mchumba aitwaye Deo, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Nkwenda, kule Kyerwa. Mpole, si wa maneno mengi, na nilimpenda. Narudia, nilimpenda! Wazee wake walikwishafika kwetu Bweranyange kujitambulisha, na mahari ilikuwa iletwe Januari.

Sasa mtaniuliza, kama nilimpenda, Projestus alitoka wapi? Projestus alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mtu wa Muleba, mcheshi, mwenye gari. Mvua za Oktoba zilipoharibu barabara, Deo akawa haji tena kila Jumapili. Projestus yeye alikuwa anapita dukani kwangu kila siku. Alianza kwa kunichekesha, mwisho akaanza kusema habari za ndoa. Sikumkubalia, lakini pia sikumwambia kwamba nimeposwa. Nilikuwa nafurahia kupendwa mara mbili. Ujinga gani huo!

Mwezi wa Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, wakashuka. Kwa wasiojua, huku kwetu mwanamke akikukusanyia senene, akawanyonyoa mabawa na miguu kwa vidole vyake, akawakaanga na kukuletea, si chakula tu hicho. Amekuhesabu kuwa mwanamume wake. Nawe ukila, sharti umletee nguo, na umpe mbele ya watu. Siku hizi wengi hawajali, hata wanawake tunakula, jambo ambalo bibi zetu hawakuthubutu. Kwa hiyo nami nikaona ni mambo ya zamani.

Nilikamata senene wengi chini ya taa ya duka. Nikamtumia Deo kopo moja. Projestus aliponiomba, nikampa kopo la pili. Nilisahau kwamba wote wawili walilelewa na bibi zao.

Ikaja Krismasi. Kila mwaka mama yangu mdogo, ambaye nilikuwa naishi kwake, huandaa sherehe nyumbani. Majirani wanajaa, mbuzi anachinjwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inamiminwa kutoka kwenye kibuyu na muziki unapigwa. Nilijua mumewe, baba mdogo, kamwalika Projestus kwa sababu ya biashara yao ya maharage. Sikuogopa, maana Deo alikuwa ameniambia kwamba anamuuguza mama yake na hataweza kuja.

Projestus alifika saa kumi na mbili jioni, kachomekea shati, mkononi ana mfuko wenye kitenge kilichokunjwa vizuri. Nilipokiona nikajua ni cha senene. Nikajisemea, nitamvuta pembeni nimwombe asinipe hadharani. Kabla sijamfikia, bodaboda ikaingia uani.

Alikuwa Deo! Mama yake alikuwa amepata nafuu, akaamua kunishtua kwa furaha. Matope yamemjaa hadi magotini, lakini kwapani ameshika mfuko wake, mkavu kabisa. Alimwamkia mama mdogo shikamoo, kisha akaniangalia na kutabasamu. Jamani, mtu unatabasamiwa na umpendaye halafu unataka ardhi ipasuke!

Wakakaa benchi moja. Ndiyo, benchi moja, kwa sababu baba mdogo aliona ni heri wageni wa mbali wafahamiane! Wakawa wanakula ndizi sahani moja na kuongea habari za bei ya kahawa. Mimi nilizunguka na jagi la maji nikiwanawisha watu waliokwisha kunawa. Kila Projestus alipofungua kinywa nilihisi ndipo atalitaja jina langu.

Halafu baba mdogo akasimama kumpa mama mdogo kitenge chake cha senene, kama afanyavyo kila mwaka. Vigelegele vikapigwa. Mama mdogo, kwa furaha na kwa rubisi, akauliza kwa sauti ni mwanamume gani mwingine aliyelishwa senene mwaka huu na anajificha.

Nilikimbilia jikoni. Humo alikuwamo Jovina, binti yake mama mdogo, mdogo wangu kwa miaka mitatu. Nikapiga magoti kwenye majivu na kumweleza yote huku nalia. Nikamwomba, Projestus akisimama tu, atoke mbio akakipokee kile kitenge kama vile ni yeye aliyempa senene. Mengine nitayamaliza kesho. Jovina akakubali. Niliona ni huruma. Kumbe moyo wake ulikuwa kwa Projestus tangu zamani, nami sikuwahi hata kumtazama vizuri nikajua.

Projestus alisimama. Kabla hajasema neno, Jovina alikuwa ameshafika mbele yake, amepiga goti na kupokea kitenge kwa mikono miwili. Watu walishangilia! Projestus alibaki mdomo wazi, na mtu mwenye adabu kama yeye angemwaibishaje binti wa mwenye nyumba? Deo naye alikuwa anapiga makofi. Nikapumua. Nikadhani nimepona...

Ni mama mdogo aliyeniangusha, naye hakukusudia.

"Mawe, mama yangu! Jovina huyu huyu?" alisema akicheka hadi machozi. "Mwanangu huyu akiona senene anapanda juu ya kitanda! Nani alikunyonyolea, mwanangu?"

Ua zima likaangua kicheko, kwa maana kila mtu alikuwa anajua Jovina anaogopa senene tangu utotoni. Projestus naye akacheka, akaona afadhali mkanganyiko umepata pa kutokea. Akasema bila ubaya wowote kwamba naam, hata yeye ameshangaa, kwani kopo lake alipewa na Devota. Devota ni mimi.

Kicheko kikafa. Deo aligeuka akanitafuta kwa macho. Sijui alisoma nini usoni kwangu. Alisimama, akauchukua mfuko wake pale benchini, akanifuata pale mlangoni na kunipa kitenge kwa mikono miwili, kwa heshima, kama desturi inavyotaka.

"Nimekula senene wako, Devota. Shona, uvae," alisema. "Wazee wangu nitawaambia Januari wasisumbuke."

Akamuaga mama mdogo, akaondoka. Nilimkimbilia hadi barabarani nikiita jina lake. Hakugeuka. Nilimpigia simu wiki nzima, hakupokea. Nasikia sasa ana mke na watoto wawili.

Projestus alikuja kuniambia kwamba hana kinyongo. Alikuwa anakuja kuniambia hivyo mara kwa mara mno, mpaka nikagundua anamfuata Jovina. Walifunga ndoa mwaka uliofuata na gauni la harusi nilishona mimi. Nilifurahi kwa ajili yao, na usiku nililia hadi macho yakavimba. Yote mawili ni kweli.

Ndugu wasomaji, kuna jambo lilinichukua miaka kulikubali. Jioni ile yote niliogopa kuumbuka. Niliogopa vicheko, niliogopa mama mdogo, niliogopa jina langu kusemwa sokoni. Hata mara moja sikuogopa kumuumiza Deo! Ningeogopa hilo, ningemshika mkono alipoteremka tu kwenye ile bodaboda, nikamweleza ukweli. Pengine angekasirika. Pengine angenisamehe. Sitajua kamwe.

Nawasihi dada zangu, na kaka zangu pia. Kama kuna mtu anakusubiri na umempa nafasi mwingine, usingoje siku ipangwe na watu. Mwambie wewe mwenyewe, leo, angali bado anakuangalia kwa tabasamu.