Landrova Mbili za Likunja

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi, gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya pembezoni mwa Ruangwa halikuwepo uwanjani. Mchana likaonekana kijijini Likunja, limezimika katikati ya njia, limeelekea mjini.

Mganga mfawidhi alishahukumu. Mlinzi wake, Augustino, akawekwa rumande. Wakubwa ndivyo walivyo: kikipotea kitu, mdogo anafungwa kwanza.

Inspekta Shadya alilizunguka gari. Landrova ya mwaka themanini na sita. Wakubwa hao wanabadilisha mashangingi kama mashati, mgonjwa anaachiwa chuma hiki.

Kifuniko cha tangi, ubavuni, kilikuwa na vumbi lake, hakijaguswa. Lakini kiti cha dereva kiling'olewa na kutupwa nje. Kando yake, galoni la petroli, limejaa.

"Mwizi alitafuta hela," alisema Koplo Enock.

"Na petroli?"

"Ya gari, afande."

"Hili linakula dizeli. Pima tangi."

Enock alichomeka kijiti. Kikatoka kikavu.

"Mafuta yaliisha, akatafuta tangi chini ya kiti. Nani anakalia mafuta, Enock?"

"Mimi siyo, afande. Navuta sigara."

Waliulizia Landrova za zamani. Landrova nyingine Likunja ilikuwa moja tu, ya Mzee Saadi, iliyoachwa na Waingereza Nachingwea mashamba ya karanga yalipowashinda.

Kesho yake Shadya alikwenda na Enock, akaikagua kwa hamu. Ile ya kituo taa zake ziko mbele ya madigadi. Hii taa zimejificha nyuma ya wavu. Ile ina springi za koili, hii za majani. Ndugu, lakini miaka karibu arobaini iko kati yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Polisi nanyi mmekuja kwenye msiba? Mke wangu Hajra tumemzika jana."

"Pole sana, mzee. Hii unaijazia wapi mafuta?"

Mzee Saadi akainua kiti cha dereva, tangi likaonekana chini yake. Akashtuka, akakirudisha haraka.

"Augustino yuko ndani," Shadya alisema taratibu. "Atafungwa."

"Mwachieni! Alimgongea mfawidhi usiku ule, hakufungua. Ndipo akanipa ufunguo. Langu ekseli imekatika. Nikarudi na la kituo nyumbani, nikamlaza Hajra nyuma, damu inamtoka, nikabeba na petroli yangu. Gari likazima. Nang'oa kiti, tangi hakuna. Nazunguka, narudi kwenye kiti kile kile. Ananiita, mimi nashughulika na kiti. Mpaka akanyamaza."

"Hata ungeliona tangi, mzee, petroli ile..."

"Nyamaza, Enock."

"Gari nilichukua mimi, andika," mzee alisema. "Na hili andika. Augustino aliona likijazwa tangi Jumatatu. Tangu hapo halikubeba mgonjwa hata mmoja. Sasa dizeli imekwenda wapi?"

Shadya alimpigia mfawidhi, akamuuliza hilo hilo. Simu ikakatwa.

Augustino ametoka. Mzee Saadi, kwa dhamana, anaripoti polisi kila wiki, na kila wiki anauliza: dizeli ya Hajra iliendesha gari la nani?