Nitajie Namba

IJUMAA, SAA 5:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu, Kansanga. Nasike alichora mtambo sakafuni kwa chaki. Kasim alichuchumaa. Mdogo wake, Fadhul, alisimama mlangoni.

"Unaingia kwenye begi la shule," Nasike alisema. "Bomba la chuma, jembamba kuliko mrija wa soda, limeviringishwa ndani ya kipande cha alumini. Pampu inasukuma dawa ya kiwandani mfululizo. Joto digrii mia mbili arobaini. Dawa ilipaswa kuchemka, lakini imebanwa, haina pa kwenda. Fungua nati ikiwa moto, inakurukia usoni."

"Dawa yenyewe kiasi gani?" Kasim akauliza.

"Kikombe. Kikombe hicho kilichukua macho yote mawili ya Cleopas."

Walimjua Cleopas, mume wa Nasike. Opoka, meneja wa Cleopas na Nasike, ndiye aliyemwamuru afungue mtambo kabla haujapoa, eti kupoza ni kupoteza muda. Kisha akaandika kwenye ripoti: uzembe wa fundi. Nasike alipobisha, alifukuzwa, na mchoro wake ukasajiliwa kwa jina la Opoka. Alitaka kuuiba mtambo wake, uliokuwa ghalani kwa Opoka. Zaidi ya hapo, alitaka Opoka aumie, na hakumficha mtu.

"Zima moto, pampu iendelee nusu saa. Ikishuka chini ya arobaini, fungua. Na wewe Kasim, usiniambie hari iko sawa. Nitajie namba."

Fadhul akacheka. Kaka yake alikulia kwenye Luganda; kinywani mwake hali na hari, yaani joto, zilikuwa neno moja.

"Kale, nyabo," Kasim akasema kwa Luganda: sawa, mama.

SAA 7:05 MCHANA

Mlinzi alikwenda kuswali Ijumaa. Kasim aliingia kwenye ghala, nyuma ya uwanja wa Nakivubo, akiwa na ovaroli ya fundi umeme. Nasike na Fadhul walibaki kwenye pikapu, simu ikiwa wazi.

SAA 7:14

"Nyabo, hari iko sawa. Ingia unisaidie kubeba."

Kubeba begi la shule? Nyuma ya sauti yake mtu alikohoa, kikavu, mara mbili. Nasike alikuwa amefanya kazi miaka sita chini ya kikohozi hicho. Kasim alikuwa amemuuza. Damu ilimchemka, lakini sauti yake ilitoka tulivu.

"Mpe Opoka simu."

Opoka akaichukua simu. Kisha: "Polisi wako njiani, Nasike. Watakukuta na mtambo ndani ya begi."

"Kwanza uufungue, ndipo uingie begini. Mpe Kasim spana, kama kawaida yako. Wewe hujawahi kuishika."

Opoka akaguna. "Lete hiyo spana. Kasim, moto umezima?"

"Nimezima, sebo. Hari iko sawa."

Kasim alimaanisha mambo yako shwari. Opoka alisikia joto limeshuka. Dakika tisa tu tangu Kasim aingie. Namba ya joto kwenye kioo cha mtambo haiwezi kuwa chini ya mia na themanini, Nasike alijua. Neno moja lilitosha kuwazuia. Alimfikiria Cleopas akipapasa meza kutafuta kikombe cha chai, akafunga mdomo.

Mlio ulikuwa mfupi, wa tairi kupasuka. Mtu mmoja akapiga yowe. Halafu wa pili.

Fadhul alinyakua simu. "Kasim. Kasim." Akamgeukia Nasike polepole. "Hukumuuliza namba."

"Sikumuuliza."

"Ni ndugu yangu, dada."

"Ameniuza."

"Ungeniambia. Ningempiga mimi, kwa mikono yangu." Machozi yalimlenga. Alichomoa ufunguo wa gari. "Twende. Wewe ndiye unayejua namna ya kuyaosha hayo macho."

Akakimbia kuelekea getini, bila kuangalia kama anafuatwa.

Nasike alijua. Maji safi, mengi, mara moja, dakika ishirini bila kukatiza. Siku ya Cleopas, Opoka alikuwa amemzuia Nasike mlangoni, asimfikie mumewe, hadi ripoti iandikwe.

Alibaki kwenye kiti mpaka polisi walipofungua mlango wa pikapu.